Tangi Halitoki

Jumapili, 2 Machi

Wamekubaliana bila mimi. Dada yangu mkubwa na binti yangu walikaa sebuleni, mimi nikiwa kwenye kiti changu palepale, wakanizungumzia kama mtu aliyelala. Mvua zikiisha nihamie kwa binti yangu, ghorofani. Nyumba hii ipangishwe. Tangi la samaki la marehemu mke wangu lipelekwe kwa Povu, mwenye duka la samaki wa mapambo, kwa sababu kwenye zile ngazi za ghorofani halipandi, na hata likipanda halina pa kukaa.

Nilinyamaza, wakadhani nimekubali. Watu wengi hunichukulia hivyo, na mara nyingi huwa hawakosei. Safari hii wamekosea, ila sikujua niwaambieje.

Daftari hili nimeletewa na binti yangu. Amesema niandike yanayonisumbua. Haya, nimeanza na yeye.

Jumanne, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Dada, ambaye kwenye ukoo wanamwita Jemadari, amepanga upya viatu vyangu vyote. Sijui viko wapi. Kazini nimekwenda na ndala.

Jumatano, 5 Machi

Niandike tangi lilivyo, maana picha nzuri sina.

Ni la kioo, refu kama benchi la watu watatu. Meza yake niliitengeneza mwenyewe. Mimi ni fundi wa makochi, nayajua mazito, lakini maji yana uzito ambao hakuna mgeni aliyewahi kukalia kochi langu anao. Vya ndani vilikuwa vya mke wangu. Kuna mzizi wa mti alioutoa ukingoni mwa mto, akauchemsha kwenye sufuria la kufulia mpaka nikalalamika kwamba chai inanuka msitu. Kuna jiwe moja kubwa na madogo kadhaa, yote yameinamia upande mmoja kana kwamba yamesukumwa na mto uleule. Mbele majani mafupi kama zulia, nyuma marefu, na katikati kijia cha mchanga, kipana huku mbele na chembamba kule nyuma, hata ukidhani kinakwenda mbali. Kumbe nyuma yake ni ukuta na soketi.

Hakutaka mkono wa mtu uonekane humo. Alihangaika kutwa nzima ili mgeni aingie aseme hapa pameota penyewe. Mgeni akisema hivyo, siku hiyo nyumbani kulikuwa na amani mpaka jioni.

Leo Dada amesimama mbele yake, mikono kiunoni, akauliza mbona maji yana rangi ya chai. Nikamweleza kwamba mzizi ndio unaotoa rangi, na samaki wanaipenda. Akasema hata chai huchujwa.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemaliza kochi la mwalimu. Mvua. Hakuna jingine.

Jumatatu, 10 Machi

Nimerudi mapema kutoka karakana kwa sababu paa linavuja. Nimemkuta Dada katikati ya sebule, mikono ya blauzi imekunjwa mpaka kwenye viwiko, uso unameta kwa jasho na furaha. Akaniambia nifumbe macho. Nikafumba, maana huyu ndiye aliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Akanishika mabega, akanigeuza.

Tangi lilikuwa linang'aa kama dirisha la benki.

Alikuwa amemwaga maji yote mtaroni. Mchanga ameufua kwenye beseni. Mawe ameyasugua kwa brashi na sabuni ya unga. Sponji ya kichujio niliikata mimi kutoka kwenye mabaki ya kazini, na mke wangu hakuwahi kuisuuza ila kwa maji ya tangi lenyewe. Dada ameifua mpaka imerudi rangi ya dukani. Mimea yote ameing'oa, akaiosha mizizi, akaifunga mafungu kwa uzi kama mboga za sokoni, akaichomeka kwa safu. Mawe yamejipanga kutoka dogo hadi kubwa. Mzizi uko katikati kabisa, umesimama wima kama mgeni rasmi. Halafu akajaza maji ya bomba hadi ukingoni na kuwarudisha samaki.

"Umeona?" akasema. "Wifi yangu angelia."

Sikubishana naye juu ya hilo. Nilisema asante, Dada. Alikuwa ameinama pale tangu asubuhi kwa ajili yangu, na mgongo wake si mzima.

Kabla ya giza samaki wote walikuwa juu, midomo nje ya maji.

Jumanne, 11 Machi

Wamekufa karibu wote. Wale wadogo wenye mstari wa buluu, waliokuwa wakitembea kundi moja kama wanafunzi wanaotoka shule, hayupo hata mmoja. Amebaki Mpangaji, yule mweusi anayelamba kioo. Mke wangu alimpa jina hilo kwa sababu anakaa bure, anakula vizuri, na ukimsogelea anageukia ukutani.

Dada amelia kuliko mimi. Kisha, kama watu wanavyofanya wakiona haya, akakasirika. Akauliza ni kiumbe gani hiki kinachokufa kwa usafi.

Jibu nilikuwa nalo, maana nimelisikia kwa mke wangu miaka mingi nikiwa nasoma gazeti. Maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu, lazima yalale wazi kwenye ndoo mpaka dawa iishe. Na ule utelezi wa kwenye sponji ulikuwa na uhai. Ndio uliokuwa ukila uchafu wa samaki. Dada hakuosha uchafu, aliwaosha walaji wa uchafu. Sikumwambia. Macho yake yalikuwa mekundu tayari.

Samaki nimewazika chini ya dirisha, ndani ya kopo la misumari ya makochi. Mvua ilikuwa inanyesha na sikufungua mwavuli.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda dukani kwa Povu. Ameitwa hivyo kwa sababu kila tangi lake linatoa mapovu, hata lisilo na samaki. Alinipa pole. Kisha akauliza vipimo vya kioo. Nilikuwa nimempelekea jani moja ndani ya kitambaa kibichi, aniambie kama linapona. Alilivuta kidogo, likakatika kama karatasi iliyolowa.

"Hii imekwisha, kaka," akasema. "Tia ya plastiki. Haifi, haioshwi, haina lawama."

Nilicheka kidogo kwa heshima. Nilipofika kona ya kituo cha mafuta nikagundua nimekasirika. Sijakasirika tangu siku ya maziko. Nilitembea kwenye mvua mpaka nyumbani na sikuhisi baridi.

Jumapili, 16 Machi

Majani yanayeyuka. Kwanza yanakuwa kama kioo, unaona mishipa, halafu yanakuwa uji. Maji yamekuwa meupe kama ya kuoshea mchele.

Leo nimekumbuka kitu. Tulipohamia nyumba hii, tukiwa bado vijana, tangi lilikuwa dogo na tulilibeba tupu, mimea ikiwa kwenye ndoo. Wiki ile ile ikaoza yote hivihivi. Mimi nilitaka kutupa. Mke wangu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kikombe mkononi, anaitazama ikioza bila kuinua kidole.

"Haijafa," aliniambia. "Imenuna. Imehamishwa bila kuulizwa. Ukiibembeleza itanuna zaidi."

Ilirudi. Sikumbuki ilichukua muda gani, maana nilishaacha kutazama.

Kwa hiyo leo nimekata nyuzi za Dada zote. Mizizi nimeifukia mchangani, ule mzizi wa mti nimeulaza. Sehemu ya maji nimeibadilisha kwa maji yaliyolala. Sasa mikono nje.

Dada anasema nimekaa natazama maji matupu. Kwa macho, kweli ni matupu.

Alhamisi, 20 Machi

Hakuna jipya. Dada amenuna. Mimi pia.

Jumamosi, 22 Machi

Leo niandike yote.

Nilikuwa nyumbani, nashona mto wa kochi la mtu. Kochi lenyewe lilikuwa sebuleni, nimelivua nguo zote, limebaki mbao na springi. Mlango ukagongwa. Ni Povu, na wabebaji wawili waliojifunika magunia, na nje mkokoteni unalowa. Dada ndiye aliyewaita. Alitoka jikoni akawaambia, mbele yangu, kwamba nitalalamika kidogo lakini wao wabebe tu.

Povu alikuwa na mpira wa kunyonyea maji. Akaanza kuukunjua.

Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nilivuta lile kochi, likakwaruza sakafu yote, nikaliegesha mbele ya tangi, nikalikalia. Juu ya springi tupu.

"Tangi halitoki," nikasema.

Dada akaniangalia kutoka juu mpaka chini. Maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kumwambia hapana. Hata shati la harusi alinichagulia yeye.

"Mdogo wangu, usinitie aibu mbele ya watu."

"Watu nimewaona. Poleni na mvua. Tangi halitoki."

Povu alisema labda warudi siku nyingine. Dada akasema hakuna siku nyingine. Akampigia simu binti yangu, akaiweka sauti ya juu ili wote tusikie, wabebaji nao wakasogea kusikiliza. Binti yangu alinisihi kwa upole kwanza. Alisema ghorofani kuna jua asubuhi. Alisema wajukuu wananiulizia. Nilipojibu lilelile, sauti yake ikapanda.

"Baba, hilo ni tope na mti uliooza. Mama hayumo humo."

Mbebaji mmoja alitazama viatu vyake.

"Najua hayumo humo, mwanangu," nikamwambia. "Alipokuwa anaondoka nilikuwa nimemshika mkono. Najua alikokwenda. Hili ni tangi. Lina mizizi, na mizizi iko hai, na anayelitunza ni mimi. Sina sababu nyingine na sitafuti."

Akakata simu. Sidhani ni kwa hasira, nilimsikia akivuta kamasi.

Yule mbebaji mwingine, kijana mcheshi, aliuliza kama nimekalia misumari. Nikamwambia ni springi. Akasema pole, mzee, maana uso unasema misumari. Povu akacheka, akaanza kuukunja mpira wake. Mlangoni alinigeukia akasema nikibadili mawazo ninajua duka. Nikasema duka nalijua.

Walipoondoka Dada hakupiga kelele. Hilo lilinitisha. Alikaa kwenye kiti cha mke wangu, ambacho hakuna aliyekikalia tangu Februari, akasema polepole:

"Huli. Kutwa uko hapo na maji. Nimeshamzika wifi yangu. Unataka nikuzike na wewe ukiwa unatazama hicho kioo?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, si kwa hilo.

"Nitakula, Dada. Lakini nitakula hapahapa."

Akaenda jikoni. Alirudi na sahani, akaibwaga kwenye magoti yangu mpaka mchuzi ukaruka. Nikala yote.

Jumapili, 23 Machi

Siwezi kukaa. Sijutii.

Jumapili, 30 Machi

Maji yameanza kuwa safi yenyewe. Hakuna jani hata moja. Mchanga, mawe, mti na Mpangaji. Jirani ameingia kuazima ngazi, akatazama, akauliza kama ni jangwa. Nimemwambia arudi baadaye.

Jumapili, 6 Aprili

Dhoruba. Umeme umekatika baada ya chakula cha mchana, pampu ikanyamaza. Baada ya muda Mpangaji akapanda juu, jambo ambalo hafanyi, akawa anatafuta hewa. Nikachukua kikombe kikubwa, nikawa nachota maji na kuyamimina kutoka juu ili yaingie hewa. Mke wangu alifanya hivyo. Ukiacha, unaanza upya.

Mengine yalikuwa yanamwagikia sakafuni. Dada alinitazama kutoka mlango wa jikoni kwa muda, halafu akaja akanisukuma kwa nyonga.

"Sogea. Unamwaga nje."

Tukapokezana. Yeye anachota, mimi nasugua bega, kisha tunabadilishana. Radi ikipiga anasimama, ikipita anaendelea. Ndipo akaanza kusema, bila kunitazama, kama mtu anayezungumza na kikombe. Nyumbani kwake, tangu watoto waondoke, huwasha redio vyumba viwili kwa wakati mmoja. Siku moja aligundua kwamba tangu Jumatatu hajatamka neno. Alipokuja kwenye maziko alibeba nguo nyingi kuliko za maziko. Alitumaini kwamba nikihamia kwa binti yangu, labda mtu angesema, na shangazi naye aje.

Nilidhani Dada amekuja kunitawala. Kumbe amekimbia. Tangu Machi namwita Jemadari moyoni kwa uchungu, na wakati wote alikuwa anafua na kusugua nyumba yangu ili asirudishwe kwake.

Sikusema kitu kikubwa. Nilimwambia chumba cha nyuma kina dirisha lisilofunga, nitalitengeneza. Akasema litengenezwe vizuri, si kama lile paa la karakana.

Umeme umerudi giza likianza kuingia. Pampu ikakohoa, ikashika. Hakuna aliyeinuka mara moja.

Jumatano, 9 Aprili

Dada ameweka ndoo chini ya mfereji wa bati bila kuambiwa. Anasema ni maji ya kufulia. Hajafua.

Jumamosi, 19 Aprili

Kuna ncha.

Nimeiona nikiwa nakunywa chai. Imejikunja, nyekundu iliyokoza, ndogo kuliko njiti ya kiberiti. Nilimwita Dada, akaja na miwani na unga mikononi. Tuliinama wote wawili mpaka vioo vya miwani vikagonga kioo cha tangi.

Imeota katikati ya kijia. Dada alipoing'oa mimea siku ile aliikatakata mizizi bila kujua, na vipande vimezagaa mchanga mzima. Sasa vinatokea vinapotaka vyenyewe.

Dada ameniambia jani hilo liko njiani, lihamishwe, linaharibu. Nimemwambia limeshahamishwa vya kutosha.

"Ubishi huu umeanza lini?" akauliza.

Nikamwambia Machi.

Jumapili, 27 Aprili

Ncha nyingine nyingi. Siandiki zote.

Binti yangu amenitumia picha ya tangi kwenye simu, ya wakati mama yake yupo. Hakuandika neno, ameituma tu. Nimekaa nayo leo nikajaribu kurudisha kila jiwe mahali pake. Mkono ndani ya maji mpaka kwapani, simu imeegeshwa kwenye kikombe. Nilipomaliza nikarudi nyuma kutazama. Kila kitu kilikuwa mahali pake na palionekana pamepangwa. Pamekufa.

Nilikaa chini kidogo. Nikakumbuka kwamba mke wangu hakuwahi kuyaweka mawe akaacha. Kila wiki alikuwa na jiwe analosogeza, tawi analokata, kitu anachogombana nacho. Hii picha ni ya Jumanne moja tu.

Basi nimeifunga simu. Mzizi wa mti nimeupeleka kulia. Yeye aliupenda kushoto, lakini kutoka kwenye kiti changu kushoto kunazibwa na kabati, na kwa miaka yote hiyo nimekuwa nikiona nusu. Anisamehe. Sasa mwenye kutazama ni mimi. Jiwe kubwa nimeliinamisha kuelekea upande mwingine, na madogo yote yamelifuata.

Dada amesema si mbaya. Kwa Dada, hizo ni sifa.

Alhamisi, 8 Mei

Samaki wapya, wachache. Si wa buluu. Povu amewaweka kwenye mfuko na kuniuliza plastiki vipi. Nikamwalika nyumbani aje kutazama. Akasema atakuja, na safari hii bila mkokoteni.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua zimekwisha. Anga limekauka, mtaro umekauka, paa la karakana limeacha kulia.

Majani ya nyuma yamefika juu ya maji na kujilaza, yanawanyima mwanga yale madogo ya mbele. Lazima yakatwe. Nilijua tangu wiki iliyopita, nikawa naahirisha. Kuyaona tu kulinitosha, na mkasi wa mke wangu sijaushika tangu aondoke. Leo nimeushika. Dada ameshika beseni.

Hapo ndipo binti yangu alipoingia, maboksi yaliyokunjwa chini ya kwapa, akasimama kututazama, sisi wazee wawili tuliolowa mpaka kifuani.

"Baba," akasema, "hujafungasha chochote."

"Sihami."

Alimgeukia shangazi yake kutafuta msaada. Dada alikuwa na kazi na beseni.

"Nyumba ninayo," nikamwambia. "Kazi ninayo. Tangi haliwezi kubebwa likiwa na maji, na maji haya simwagi. Asiyeridhika aje hapa tugombane, nitapika chai."

Nilidhani atapandisha sauti. Badala yake alikaa juu ya maboksi yake, yakabonyea, akaanza kulia kama alivyokuwa akilia utotoni, mdomo wazi. Alisema huota nimeanguka bafuni na hakuna anayesikia. Alisema alimpoteza mama yake kwa simu, akiwa kazini, na hataki kunipoteza mimi kwa simu. Hajawahi kuniambia hilo. Nilikuwa nimemwona kama mtu anayetaka kunikunja aniweke kabatini, na muda wote alikuwa anajaribu kusimama mahali ambapo angeweza kunisikia.

Nilijifuta mikono. Nikamwambia Dada yuko chumba cha nyuma na ana masikio ya popo. Nikamwambia aje kila Jumamosi, aje na wajukuu, na avae nguo za kulowana.

Alitazama tangi kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alitazama kwa muda mrefu. Aliuliza mzizi nani ameuhamisha.

"Mimi."

"Mama angekasirika."

"Sana," nikasema, na yeye akacheka huku pua inavuja.

Nikampa mkasi. Nikamwambia akunje mikono ya blauzi, ashike yale marefu ya nyuma, akate chini kabisa bila woga. Akazamisha mkono mpaka begani. Amekata mengi mno, upande mzima umebaki upara. Dada akavuta pumzi kutaka kusema. Nikamwangalia, akafunga mdomo.

Yataota.